Bulangeti ya viraka: nguo za kuunga katika historia yetu

Wale waliotutangulia katika vitabu vya namna hii walichagua mambo makubwa: ndoa, kiti cha ufalme, matanga, majina ya watoto. Sisi tumechagua kitu kinachokunjwa na kuwekwa chini ya kitanda. Hapa Lubumbashi, na vilevile Likasi na Kolwezi, wamama wanakiita bulangeti ya viraka. Wengine wanasema tu bilaka. Ni vipande vya vikwembe vilivyobaki kwa fundi wa kushona, vinaungwa kimoja kwa kingine mpaka vinakuwa nguo ya kufunika mutoto, ao kubwa zaidi ya kufunika kitanda. Inashonwa kwa mukono, mara nyingi kwa siku tatu ao nne, juu yule atakayeipokea hawezi kungoja: mudogo wetu wa tumbo moja amekaribia kuzaa, mama mukubwa anatoka hospitali, mutoto wa ndugu anaenda kusoma mbali na hana cha kujifunika.

Tuliwauliza wanafunzi wetu wa sekondari asili ya jambo hili. Wengine walijibu mara moja: "Bamasere njo balifundishaka bamama." Wengine wakacheka: "Mwalimu, ni bumaskini. Mutu hana falanga, anashona bilaka." Majibu yote mawili yana ukweli ndani, lakini yanaanza historia katikati. Na hatuwalaumu wanafunzi. Sisi wenyewe tulipokuwa ISP tulifundishwa historia ya wafalme, ya makampuni na ya njia za reli. Historia ya sindano hapana.

Nguo isiyopita urefu wa jani

Mwenye kutaka kuelewa viraka katika inchi yetu aanze na jani. Mbele ya pamba kufika kwa wingi, sehemu kubwa ya Kongo ilivaa nguo za raffia, zinazotoka katika mutende uitwao mwale. Wanakata jani changa ambalo halijafunguka, wanabandua ngozi yake, wanaikausha kwa jua, kisha wanaichana kwa vidole ao kwa kitana mpaka inakuwa nyuzi. Uzi huu hausokotwi kama uzi wa pamba, wala hauungwi uzi kwa uzi kuwa murefu. Kwa hiyo kitambaa kinachofumwa hakiwezi kupita urefu wa jani lenyewe. Kwa kawaida kila upande hauzidi metre moja, na mara nyingi ni chini ya hapo.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina matokeo makubwa. Kama kitambaa hakiwezi kupita metre moja, mutu mukubwa atavaa nini? Lazima kuunga. Watu wa raffia, kuanzia Kongo-Kati mpaka Kasai, Sankuru na Luba, ambao vitambaa vyao tunaviita madiba, wote walijua kwamba nguo ni kitu cha kuunga kipande kwa kipande. Bulangeti ya viraka kwa maana hiyo haikuwakuta wazee wetu mikono mitupu.

Waliopeleka kazi hii mbali kuliko wote ni Wakuba, wanaokaa katikati ya mito Kasai, Sankuru na Lulua, katika eneo la Mweka, na mufalme wao yuko Mushenge. Mapokeo yao yanasema ufumaji wa raffia uliletwa na mufalme Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala katika karne ya 17. Kwao kazi iligawanywa. Wanaume wanafuma, wanawake wanatia nakshi. Nguo ya kiuno ya mwanaume inaungwa na kupambwa na wanaume wenyewe, na ile ya mwanamke na wanawake. Nguo ya mwanamke inaweza kupita metre sita, anajizungushia mara nyingi mpaka anakuwa munene kama mutu mwenye cheo, na ndiyo maana yake.

Sasa kiraka. Kitambaa cha raffia kikitoka kwenye kitanda cha kufumia ni kigumu sawa na mukeka. Ili kilainike wanakitia katika kinu na kukitwanga. Kutwanga kunalainisha, lakini kunatoboa pia. Kitambaa kimoja kinatoka na tundu hapa na lingine kule. Hutupi kazi ya siku nyingi kwa sababu ya tundu: unakata kipande kidogo na kukishona juu yake. Wale waliochunguza nguo hizi wanaeleza kwamba mapambo mengi ya Wakuba, zile alama zilizopindika kama mukia wa mbwa ama kiwiko cha mukono, zilianza hapo. Kiraka cha kwanza kilifunika tundu. Cha pili kiliwekwa upande mwingine ili kulingana na cha kwanza. Baadaye viraka vikashonwa hata mahali pasipo tundu, na fundi akatazama nguo nzima kama ukurasa wa kuandika.

Tunakaa kidogo juu ya hili kwa sababu linajibu wale waliocheka darasani. Katika ufalme tajiri, wenye waamuzi, wenye kodi, wenye wachonga sanamu wa mufalme, kiraka kilikuwa pambo la watu wakubwa. Hakuna Mukuba aliyekuwa na haya ya kiraka.

Na nguo hizo zilikuwa zawadi ya jamaa. Nguo moja kubwa ilishonwa na wanawake wengi wa ukoo mumoja, huyu anamaliza sehemu yake, anamupa mwingine, kwa miezi na hata miaka. Haikuwa ya mutu mumoja, ilikuwa ya ukoo, na ikawekwa. Siku mutu anapokufa, ndugu wa upande wa mama wanakutana kuchagua ni nguo gani atakazozikwa nazo. Wakuba wanasema kwamba aliyezikwa bila nguo za raffia anafika kwa wazee akiwa sawa na uchi, nao hawatamutambua. Hapa ndipo tofauti na bulangeti yetu inapoonekana: ile ya Wakuba ni ya polepole na inamusindikiza mutu anayeondoka; yetu ni ya haraka na inamungoja anayekuja. Lakini mikono ni ileile, ya wanawake wengi wa jamaa moja juu ya nguo moja.

Nguo hizi zilisafiri. William Sheppard, mumisionari mweusi wa Kipresbiteri kutoka Marekani, alifika kwa mufalme wa Wakuba mwaka 1892, na vitu alivyokusanya viko leo Hampton, katika Virginia, katika shule alimosoma. Emil Torday alikusanya vingine vingi miaka ya 1907 mpaka 1909 kwa ajili ya British Museum ya London. Muchora picha Henri Matisse, Mufaransa, alitundika vitambaa vya Kuba ukutani kwake. Kuna wanaosema hata mabulangeti ya viraka ya Wamarekani weusi yana mizizi huku kwetu. Wengine wanakataa, na mabishano hayajaisha. Sisi hatuhitaji ushindi huo. Inatutosha kwamba mutoto wa Mweka anaweza kumuambia mutoto wa Lubumbashi: bibi yangu alishona viraka mbele ya masista kufika.

Kitambaa kilichokuwa feza

Kila mutu anayesema Lingala anaita feza mbongo. Wachache wanajua kwamba neno hili lilikuwa jina la kitambaa cha raffia. Katika inchi za pwani ya magharibi, Loango na Kongo, kitambaa kidogo kilihesabiwa kama tunavyohesabu noti. Wareno wa Luanda waliwalipa hata askari wao kwa vitambaa hivyo mpaka feza za shaba zilipoletwa mwaka 1694. Upande wetu wa mashariki, Livingstone alipokuwa Manyema alikuta vitambaa vya raffia vinauzwa na kununuliwa sokoni. Alifika Nyangwe mwaka 1871.

Nyuma yake zikaja nguo za biashara ya Waswahili na Waarabu: merikani nyeupe, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ya kwanza ilitoka viwanda vya Marekani, na kaniki ya rangi ya giza. Zilipimwa kwa mukono: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, alipokea nguo kutoka bahari zote mbili, akitoa shaba, pembe na, tusifiche, watu. Tunapowaambia wanafunzi wetu kwamba doti kadhaa za merikani ziliweza kuwa bei ya mutu, darasa linanyamaza. Ni vizuri linyamaze. Kikwembe tunachokipenda kina damu katika historia yake, na pamba pia. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya wakoloni iliwalazimisha wanakijiji kulima pamba, kwa kuanzia Manyema na sehemu za karibu. Walilima pamba, waliiuza kwa bei iliyopangwa na mwingine, kisha walinunua nguo dukani. Kwa mutu wa namna hiyo hakuna kipande cha nguo kidogo cha kutupa.

Tunaliweka hili hapa ili ieleweke kwa nini nguo katika jamaa zetu haikuwa zawadi kama zawadi nyingine. Aliyetoa nguo alitoa feza inayovaliwa. Mpaka leo katika liste ya mahari bulangeti ya mama mukwe haikosekani, wala kikwembe chake: wazee wanasema mutoto alimukojolea mgongoni, vikwembe vyake viliharibika, sharti umurudishie.

Kambi, foyer na sindano

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza ilitafuta vijana bila wake, wakae miezi michache, warudi kwao ao wafe. Kuelekea mwaka 1928 kampuni ilibadili siasa: ilitaka mufanyakazi mwenye muke na watoto, akae miaka mitatu na zaidi. Mwaka uleule njia ya reli iliunganisha Katanga na Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, karibu kabisa na inchi ya Wakuba. Watu wa Kasai walishuka na vitu vyao, na bila shaka na mikono yao.

Katika kambi mufanyakazi alipokea chakula kwa kipimo, na bulangeti ya kampuni ilikuwa sehemu ya vitu vya kuanza kazi. Bulangeti hii nyembamba ndiyo mama wa bulangeti yetu, kwa maana ilipochakaa haikutupwa: ilitiwa katikati. Juu yake viraka, chini yake shuka ya zamani, na hapo kambi ikapata kitu ambacho kampuni haikukitoa. Wakati wa vita vya 1940-1945 bei ya vitu vya dukani ilipanda, nguo ndani yake, na mishahara haikufuata. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi wa Élisabethville waligoma na askari wakawapiga risasi. Wazee wanaohesabu umri wao kwa vita vile walikumbuka kaptula yenye viraka sehemu mbili. Kiraka cha wakati ule hakikuwa nakshi ya mufalme. Kilikuwa ushahidi wa mushahara mudogo. Basi wale wanafunzi waliosema bumaskini walirithi kumbukumbu ya kweli.

Kisha masista na wanawake wa Kizungu wa foyer social. Baada ya vita foyer hizi zilienea katika miji: wake za wafanyakazi walifundishwa kupika, kupiga pasi, kuosha mutoto, kushona, na kwa namna ya pekee kurekebisha nguo iliyochanika. Nia yao ilikuwa wazi: kumutengeneza muke wa nyumbani kwa mufano wa Ubelgiji. Wamama walichukua sindano na kuacha sehemu ya somo. Somo lilisema kiraka kifanane na nguo, kisionekane. Wamama walipenda kionekane. Tazama bulangeti yoyote ya mutaa: nyekundu karibu na kijani, samaki karibu na ua, hakuna aliyejaribu kuficha mushono. Hiyo masista hawakuifundisha.

Vikwembe vyenyewe vilizidi. Kulikuwa na vya Uholanzi, vya Vlisco ya Helmond, kampuni ya tangu 1846. Kulikuwa na vya viwanda vya inchi, Utexléo huko Kinshasa na Filtisaf huko Kalemie. Baadaye Sotexki ya Kisangani. Mwaka 1972, katika siasa ya authenticité, abacost iliwekwa kwa wababa na wamama wakarudishwa kwa kikwembe. Suruali ikakatazwa kwao. Hatuna sababu ya kuisifu siasa ile, lakini kwa fundi wa kushona ilikuwa mavuno, na penye fundi pana mabaki.

Namna ya kuishona kwa haraka

Tumeona kazi hii mara nyingi, ndani ya nyumba zetu na za jirani, na tunaieleza kwa urefu kwa kuwa hatukuikuta katika kitabu chochote cha shule.

Kwanza kukusanya. Kikwembe kinauzwa kwa piece ya yadi 6, yaani vikwembe vitatu vya yadi 2. Fundi akikata blouse na mikono yake anabakiza pembe, vipande vya shingo, ukingo wenye maandishi. Hivyo ndivyo vinavyoombwa. Mwenye akili anachukua kipande, anachomoa uzi mumoja na kuuwasha kwa kiberiti. Ukiwaka na kunuka kama karatasi, ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha donge gumu, ni nailoni ao polyester: weka kando. Pasi ya makala itaukunja, na ngozi ya mutoto itatoa jasho.

Pili kufua. Vipande vyote vinaloweshwa kwa maji ya moto, juu kimoja kitarudi na kingine hapana, na kama hukuvirudisha mbele, bulangeti itajikunja siku ya kwanza ya kufuliwa. Kile kinachotoa rangi kinafuliwa peke yake mpaka maji yawe meupe.

Tatu kukata. Wanatumia kipimo cha karatasi ngumu, jalada la daftari ao karton ya sabuni, cm 17 kila upande. Cm moja kila upande inaingia katika mushono, zinabaki 15. Kwa mutoto muchanga inatosha vipande 6 kwa upana na 7 kwa urefu, jumla 42, na bulangeti inakuwa cm 90 kwa 105. Hesabu hii tuliifanya darasani na wanafunzi walishangaa kwamba mama zao, wengine hawakusoma, wanaifanya kichwani.

Vipande vinapangwa chini, juu ya mukeka, na hapa ndipo kelele. Kila mumoja anataka chake kiwe katikati. Kuna vipande vinavyokataliwa. Kikwembe cha matanga hakiingii katika bulangeti ya mutoto. Hatujamuona mama aliyekubali. Chenye uso wa mutu, kwa mufano vile vya MPR vyenye picha ya Mobutu, ao vya ziara ya Papa mwaka 1980 na 1985, wengi hawakati uso: mutu hakatwi kichwa, wanasema, na Papa zaidi. Vinavyopendwa ni vya ndoa, ile uniforme ya jamaa nzima, na vya mwezi wa tatu tarehe 8. Vyenye majina ya kuchokoza, kama "Mari capable" ao "Jicho la mupinzani", vinatiwa kwa kicheko kama mudogo mwenyewe ana mashindano ndani ya nyumba.

Kisha kugawana. Safu 7, wanawake 3 ao 4: kila mumoja anachukua safu mbili na kwenda nazo nyumbani. Mushono ni wa kawaida wa kwenda mbele, na kila baada ya vidole vinne unarudi nyuma mara moja ili usifunguke. Umeme ukikatika, taa ya chumba inatosha. Mwenye mashini ya mguu angemaliza kwa masaa, lakini mashini huwa na kazi ya wateja.

Siku ya tatu safu zinaunganishwa. Shuka ya chini inakatwa kubwa kuliko juu, cm 4 kila upande. Katikati wanalaza bulangeti ya zamani ao taulo lililochakaa. Ile shuka ya chini inakunjwa kuja juu na kushonwa: huo ndio upindo, hakuna haja ya kununua utepe. Mwisho ni mafundo. Kushona tabaka tatu mahali pote kungechukua wiki mbili. Kwa hiyo wanapitisha uzi munene katika kila pembe vipande vinne vinapokutana, wanafunga mara mbili na kukata. Katika bulangeti ya vipande 42 pembe hizo ni 30. Fundo lazima liangalie chini, lisimukwaruze mutoto, wala asipate kulitia mukononi na kulinyonya.

Mutu akituuliza kama haraka hii inapunguza thamani, tutamwambia atazame ni nani aliyeacha kazi yake kwa siku tatu. Muuza mukate ambaye hakwenda soko siku tatu ametoa zaidi ya bei ya bulangeti ya dukani.

Heshima ao haya?

Tusijidanganye kwamba wote wanaona hivyo. Mwaka 2003 Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière baada ya 1967, iliwaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 kwa ule mupango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Nyuma ya hapo, katika jamaa moja tunayoijua, binti aliyeolewa alizaa mutoto wa kwanza. Baba yake alikuwa mumoja wa walioondoka. Feza ya leyeti haikuwapo. Mama na wadogo zake walishona bulangeti ya viraka kwa siku nne, wakaipeleka kwa bako wakiwa wamevaa vizuri.

Mama wa bwana aliifungua, akaikunja tena. Akasema: "Kwetu mutoto hapokelewe na bilaka. Mutu atasema baba yake hana kazi." Pale wageni walinyamaza. Shangazi wa binti alisimama, akaichukua, akaanza kuonyesha kipande kwa kipande: hiki cha ndoa ya mama yako, hiki cha ndoa yenu ninyi, mulikinunua wenyewe, hiki cha nyanya aliyemutaja huyu mutoto jina. Mama mukwe alisikiliza mpaka mwisho na akasema ameelewa, na asante kwa kazi. Hakubadili neno lake. Mutoto alilala chini ya bulangeti ya dukani, na ile ya viraka binti aliiweka ndani ya valizi.

Tulizungumza juu ya tukio hili na wazee zaidi ya mara moja. Wengine walimulaumu mama mukwe kuwa na majivuno. Sisi tunaona ugumu zaidi. Mama yule alizaliwa katika kambi. Kwake kiraka ni kaptula ya baba yake wakati mushahara haukutosha, na katika mwaka ule, ambapo wanaume elfu kumi walirudi nyumbani na bahasha moja, alimuogopea mutoto jina la umasikini. Shangazi alisoma nguo kama Mukuba: kila kipande kina mwenyewe. Wote wawili walisoma historia ya kweli, ila hazikuwa historia moja. Tungependa ya shangazi ishinde, na tunalisema wazi, lakini haitashinda kwa kumudharau yule mwingine.

Wakati mubaya zaidi ulikuwa umepita kabla ya hapo. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, jamaa nyingi zilikaa miezi katika gare za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Tulikuwa watoto. Bulangeti pale ilikuwa paa, ilikuwa ukuta, ilikuwa mufuko wa kufungia sufuria, na wengine ilikuwa sanda. Kuhusu hilo hatutaandika zaidi katika kitabu hiki.

Leo

Leo mabulangeti ya polyester kutoka Uchina yanauzwa kila mahali, laini, yenye picha ya simba ao ya maua, na hayana bei kubwa. Mama mwenye haraka ananunua, anaingiza katika sachet na kwenda. Hatumuhukumu. Vikwembe vingi vya soko navyo vimekuwa polyester iliyopigwa chapa ya wax, kwa hiyo jaribio la kiberiti linakataa vipande vingi kuliko zamani. Na mabaki ya fundi, ambayo mama zetu walipewa bure, mara nyingi sasa yanauzwa kwa mufuko kwa watu wanaojaza mito na viti. Fundi mumoja wa mutaa wetu alituambia: "Mwalimu, zamani nilikuwa naomba watu bachukue, sasa banapigania." Bado anawawekea wajawazito wa avenue yake vipande vizuri ndani ya karton, chini ya mashini.

Desturi moja inaendelea zaidi ya nyingine. Bulangeti ya mutoto haikai na mutoto. Akianza kutembea, inapita kwa mudogo anayefuata kuzaa, na yeye anaongeza safu moja chini kwa vikwembe vya nyumba yake. Ile tuliyopima mwaka uliopita ilianza na safu 7, sasa ina 9, urefu cm 135, na imefunika watoto watatu. Safu mbili za mwisho ni polyester. Mwenye kuzishona alijua, lakini hakupata kingine, na mutoto alikuwa amekwisha kuzaliwa.